Kompyuta Mpya ya Nguvu: Anzia Ukutani, Malizia na Jaribio la Usiku Kucha

Kipuri kibovu cha kompyuta hujitambulisha mapema, alimradi ukitumikishe. RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) yenye kasoro ya kiwandani, kadi ya picha ambayo waya wake haukuingia vizuri, kipoza kilichofungwa upande: yote haya huonekana siku za mwanzo ukiipa mashine kazi nzito. Ukiitumia kuandika barua na kutazama video tu, kasoro hukaa kimya mpaka siku una kazi ya mteja mezani na saa zinakimbia.

Hapa Uganda siku hizo za mwanzo zina thamani kubwa. Vipuri vingi vya daraja la juu huja kwa ndege kutoka Dubai, au kwa meli hadi Mombasa kisha kwa lori kupitia Malaba au Busia. Muuzaji anaweza kukubadilishia kipuri papo hapo ndani ya siku chache. Zikishapita, kitu kinarudishwa nje kwa njia ileile kilichojia, nawe unabaki na kasha tupu mezani. Kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kwa mtu aliyejinyima akanunua mashine ya mezani ya nguvu hasa, awe mhariri wa video, mchora ramani za majengo, mwenye studio ya muziki, mwanafunzi wa akili mnemba au mcheza gemu, na anataka kujua kwa hakika kwamba alicholipia ndicho alichopewa na kitadumu.

Msimamo wangu nautanguliza: kazi haianzi na kompyuta. Inaanza na ukuta.

Kabla hujatoa pesa

Uliza swali moja kwa uwazi, na umwulize muuzaji mwenyewe, si kijana wa kubeba maboksi: "Boss, kitu kikifa ndani ya wiki hii, mnanibadilishia hapa hapa au mnakipeleka nje?" Jibu lake liandikwe kwenye risiti. Dai risiti ya EFRIS, ile ya mfumo wa kodi wa URA, iwe na tarehe na jina la kila kipuri. Risiti ya karatasi ya daftari, yenye maneno "kompyuta 1", haitakusaidia kitu siku ya mabishano.

Piga picha namba za utambulisho za kadi ya picha, prosesa (ubongo wa mashine), ubao mama (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote), pawasaplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) na diski. Linganisha namba ya kwenye boksi na ya kwenye kifaa chenyewe. Boksi jipya linaweza kubeba kadi iliyokwishatumika, na namba mbili zisizofanana ndiyo dalili ya kwanza.

Kisha soma lebo ya pawasaplai. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Pawasaplai za kisasa huandikwa 100–240 V na hujirekebisha zenyewe. Za zamani, hasa zilizotoka Marekani, huwa na kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani hapa, utasikia mlio mmoja na biashara imeisha. Waya wa umeme nao uangalie: unataka plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, yenye fyuzi ndani. Kikitokea kile kiadapta cha kubana plagi ya nje, kikatae. Vingi havipitishi waya wa ethi, ule wa usalama unaoingia ardhini, na hupata moto vikibeba mzigo mkubwa.

Kama mashine imeshaunganishwa dukani na inasafiri mbali, tuseme Gulu, Arua, Mbarara au Kasese, omba kadi ya picha itolewe na isafiri katika boksi lake. Kadi za sasa ni nzito, na mashimo ya barabarani huitikisa mpaka ikavunja au kupindisha tundu lake kwenye ubao mama. Kasha lenyewe lilazwe ubavu, kioo kikitazama juu. Bodaboda isiguswe kabisa, hata kama ni kutoka Kampala Road hadi Wandegeya tu.

Hatua ya kwanza: ukuta

Boksi libaki limefungwa. Chukua multimita, au mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, mpime soketi utakayotumia. Vipimo ni vitatu. Kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) unatarajia kitu kinachozunguka 240. Kati ya laivu na ethi, karibu sawa na hicho cha kwanza. Kati ya nyutro na ethi, volti chache tu. Kama kipimo cha laivu na ethi kinasoma sifuri au kinayumbayumba bila kutulia, soketi yako ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya, au kuna waya usiofika ardhini.

Hali hii ni ya kawaida mno katika nyumba za kupanga. Utaitambua hata bila kipimo: ukigusa chuma cha kasha kwa mgongo wa mkono unahisi kama sisimizi wanakutembelea. Chanzo chake ni kichujio kilichomo ndani ya pawasaplai, ambacho kazi yake ni kumwaga umeme kidogo kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, umeme huo unabaki kwenye chuma. Mtu haumuui, lakini hupita kwenye waya wa HDMI, kwenye maikrofoni na kwenye soketi za USB, na studio nyingi zenye mlio wa "mmmm" kwenye spika zinasumbuliwa na jambo hili hili. Fundi azike fimbo ya ethi na avute waya hadi kwenye soketi. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya kadi ya picha peke yake.

Watu wengi huogopa kwamba mashine kubwa itaunguza soketi. Piga hesabu: mashine inayovuta wati 900 kwa volti 240 inachukua chini ya ampea 4, na soketi nzima ya ukutani inabeba 13. Kinachounguza ni maungio yaliyolegea na ekstensheni za bei nafuu zenye nyaya nyembamba. Chomeka UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, ukutani bila kupitia ekstensheni, kompyuta kwenye UPS, na ekstensheni iachie simu na taa.

Sasa UPS, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA, na VA si wati. UPS nyingi za 1500 VA hutoa kama wati 900, na za 1000 VA hutoa kama 600. Soma maandishi madogo nyuma. Kadi ya RTX 5090 peke yake imepangiwa hadi wati 575. Ongeza prosesa kubwa yenye wati 200 na ushei, feni, diski na monita, umeshafika karibu 900. UPS ndogo ikikutana na mzigo huo umeme unapokatika, haipigi kengele na kukuvumilia. Inazima palepale, na faida yake yote imekwisha. Nunua inayozidi mzigo wako, na uielewe kazi yake: inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayetaka kuendelea kufanya kazi gizani anahitaji inveta na betri kubwa.

Aina ya wimbi nayo ina maana. Baadhi ya pawasaplai nzuri za leo hazipatani na UPS zinazotoa wimbi la ngazi ngazi. Nyingine huzima ghafla, nyingine hunguruma. Tafuta iliyoandikwa kwamba inatoa wimbi safi. Ni sheria hiyo hiyo kwa inveta ya sola.

Umeme unapokatika, tatizo kubwa huwa ni kurudi kwake. Dakika ile ya kwanza volti hupanda na kushuka, friji za mtaa mzima zikiwaka kwa pamoja. Stabilaiza nzuri, au kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuachia umeme, kiwekwe kati ya ukuta na UPS. Kwa ngurumo hakuna kifaa cha kutegemea. Sisi tunaoishi pembeni mwa Ziwa Victoria tunajua radi za huku: anga likianza kuwa jeusi, zima, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa intaneti. Watu huchomoa umeme wakasahau ule waya wa intaneti uliotoka kwenye mlingoti juu ya mabati, na radi hupitia hapo hapo.

Kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, hesabu ni rahisi. Mashine inayovuta wati 700 kwa saa nane za kazi nzito hula yuniti 5.6. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye ujumbe wako wa mwisho wa kununua umeme. Ikiwa imewaka bila kazi inakula kama wati 100 au zaidi kidogo, hivyo kuizima usiku si ubahili.

Hatua ya pili: mahali pa kuiweka

Juu ya meza au kistuli imara, isiwe sakafuni. Vumbi jekundu la murram hutembea chini, na feni hulivuta lote. Nyuma acha nafasi ya kiganja kizima cha hewa. Usiifungie ndani ya kabati la televisheni, hata kama inapendeza humo.

Hatua ya tatu: fungua kasha kabla ya kuwasha

Hata kama umeinunua ikiwa tayari, fungua ubavu. Kwanza gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Mashine nyingi zilizounganishwa kiwandani husafirishwa na sponji au mfuko wa povu ndani kushikilia kadi ya picha, uutoe wote. Angalia kama kuna karatasi ya plastiki iliyoachwa chini ya kipoza prosesa au chini ya bamba la diski ya M.2, ile ndogo bapa inayokaa kwenye ubao mama. Karatasi hiyo nyembamba hufanya prosesa ichemke ndani ya sekunde chache, nawe ukalaumu kipoza.

Vipande viwili vya RAM huwekwa kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, karibu katika kila ubao mama wa kawaida. Vikiwa vimewekwa bega kwa bega, mashine itawaka lakini kasi itapungua.

Sasa inama, washa tochi ya simu, na uangalie soketi ya umeme ya kadi ya picha. Kadi kubwa za NVIDIA hutumia soketi ndogo yenye pini 12 nene na 4 nyembamba. Mwishoni mwa 2022 wenye RTX 4090 walianza kuonyesha picha za soketi zilizoyeyuka, na uchunguzi ulionyesha kwamba sababu mojawapo kubwa ni plagi isiyoingia hadi mwisho. Isukume kwa kidole gumba mpaka usikie au uhisi kilimi kikikaa. Kisha tazama kwa ubavu: kati ya plagi na kadi pasionekane mwanga hata wa unene wa kucha. Waya usipindwe karibu na plagi. Uache utoke ukiwa umenyooka kwa sentimita tatu au nne kabla haujakunja kona, na kioo cha kasha kikifungwa kisiusukume. Hapa usiwe na haraka. Nimeona fundi akiufunga waya huu kwa kuupapasa tu, macho yake yakiwa kwa mteja mwingine, na pengo la milimita mbili likabaki.

Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi ya picha. Matundu ya picha yaliyo juu, kwenye ubao mama, yaache.

Hatua ya nne: kuwasha mara ya kwanza

Bonyeza. Feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi. Usiguse kitu. Mashine za RAM aina ya DDR5 hujifunza RAM yake mara ya kwanza, na zoezi hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa RAM ikiwa nyingi. Watu wengi huzima hapo katikati, wakawasha tena, zoezi likaanza upya, wakaamini mashine imekufa. Tazama vitaa vidogo kwenye ubao mama: kitaa cha DRAM, yaani RAM, kikiwaka kwa muda kisha kikahamia kwingine, kazi inaendelea. Kikikaa palepale kwa zaidi ya robo saa, ndipo uzime, utoe kipande kimoja cha RAM na ujaribu tena.

Ukiingia BIOS, programu ya ndani ya ubao mama inayoamsha mashine kabla ya Windows, soma mambo matatu: RAM yote inaonekana? Diski zinaonekana? Joto la prosesa limetulia chini ya nyuzi 50 au linapanda kila unapotazama? Likipanda bila kukoma, zima mara moja. Kipoza hakijagusa prosesa au pampu yake haina umeme.

Angalia pia tarehe ya BIOS. Kwa mwenye Intel Core ya kizazi cha 13 au 14 hili ni la lazima. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za vizazi hivyo zilikuwa zikijiongezea volti kupita kiasi na kuchakaa, ikatoa marekebisho kupitia BIOS, kuanzia Agosti na mengine Septemba mwaka huohuo. Marekebisho huzuia uharibifu mpya. Hayaponyi prosesa iliyokwishaathirika. Bodi iliyokaa ghalani tangu kabla ya hapo ina BIOS ya zamani.

Kubadilisha BIOS ni kazi ya dakika chache, lakini ni dakika ambazo umeme haupaswi kukatika hata kidogo. Ndiyo sababu nimetaka UPS iwe tayari kabla ya hapa. Chaji ya UPS iwe imejaa, mvua isiwe inanyemelea, kisha endelea.

Wasifu wa kasi ya RAM, ule unaoitwa XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD, uuache umezimwa kwa sasa. RAM ya 6000 itaonyesha 4800 au kiasi hicho. Hujaibiwa. Tutauwasha tukishajua kwamba mashine ni nzima katika hali yake ya kawaida.

Hatua ya tano: Windows na bando

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine mpya iwe na Windows 11. Ikija na Windows tayari, fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr, uone kama uanzishaji ni wa kudumu. Ukigundua imefunguliwa kwa programu ya wizi, ifute diski na usakinishe upya. Programu hizo huweza kubeba wezi wa nywila, na huwezi kujaribu mashine kwa haki huku kitu usichokijua kikila prosesa chinichini.

Wakati wa kusakinisha, Windows itadai intaneti, na pengine draiva ya Wi-Fi bado haipo. Chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa ugavi wa intaneti kwa USB. Windows huitambua bila draiva yoyote. Tahadhari tu kwamba baada ya hapo itaanza kupakua masasisho ya gigabaiti kadhaa kwa bando lako. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uutie alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, kisha panga masasisho makubwa wakati wa bando la usiku au ofisini.

Draiva ya kadi ya picha ichukuliwe kwa mwenye kadi: NVIDIA, AMD au Intel. Za ubao mama kwa mtengenezaji wa ubao. Programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mkupuo zikwepe.

Windows 11 inaweza kuifunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza, na ufunguo wa uokozi ukawekwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi. Ukibadilisha BIOS baadaye, mashine inaweza kuudai. Halafu kwenye mipangilio ya skrini pandisha hezi: monita ya 144 mara nyingi huanza kwenye 60.

Hatua ya sita: hakiki utambulisho

Pakua CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo na HWiNFO64. Zote ni ndogo na za bure. CPU-Z itakuambia prosesa ni ipi hasa. CrystalDiskInfo itakuonyesha diski imewaka saa ngapi tangu izaliwe; mpya huonyesha saa chache. Ukikuta mamia, hiyo imetoka kwa mtu mwingine. Diski ya TB 2 kuonekana kama 1.8 ndani ya Windows ni hesabu tu, usigombane na mtu.

GPU-Z ina mstari ambao wanunuzi wachache huusoma, ROPs, yaani vitengo vya kadi vinavyokamilisha picha. Mapema 2025 NVIDIA ilithibitisha kwamba sehemu ndogo ya kadi za RTX 5090 na 5070 Ti zilitoka kiwandani zikiwa na pungufu ya vitengo hivyo. 5090 kamili ina 176, 5080 ina 112, na 5070 Ti ina 96. Ukiona pungufu ya 8, piga picha skrini na urudi dukani leo hii. Kwenye dirisha hilohilo angalia kama kadi imeunganishwa kwa njia 16. Ikisema 8, huenda haijakaa vizuri, au diski ya M.2 imechukua njia zake, jambo ambalo kitabu cha ubao mama hueleza.

Hatua ya saba: majaribio yenyewe

Fuata mpangilio, kwa sababu jaribio la mbele halina maana kama la nyuma limeshindwa.

1. RAM. Weka MemTest86 kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi hiyo, uache usiku kucha. Toleo la bure hupitia mizunguko minne, na GB 64 au 128 humaliza usiku mzima na zaidi. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Hakuna RAM yenye "makosa kidogo". Umeme ukikatika, utaanza upya. Mashine ikiwa kwenye MemTest haivuti wati nyingi, kwa hiyo UPS nzuri huweza kuvuka makatizo mafupi.

2. Prosesa. Fungua HWiNFO64 upande mmoja na Cinebench upande mwingine, iendeshe kwa nusu saa. Kisha Prime95 kwa nusu saa nyingine. Hiyo ni kali kuliko kazi yoyote ya kawaida. Ryzen za karibuni zimepangiwa ukomo wa nyuzi 95 na huweza kuugusa kwa makusudi, wakati Core ya vizazi vya 13 na 14 ni 100. Kuugusa ukomo wakati wa Prime95 si hitilafu. Hitilafu ni kuugusa ndani ya sekunde moja ya Cinebench, au kasi kuporomoka chini ya ile ya msingi iliyotangazwa, au programu kujifunga yenyewe.

3. Kadi ya picha. Unigine Superposition ni ya bure, na ni nyepesi kupakua kuliko 3DMark. Iendeshe kwa muda mrefu huku ukitazama skrini kwa macho yako mwenyewe: vinukta vya rangi, mistari, picha kuganda kisha kurudi. Joto chini ya 85 ni zuri. Baada ya saa moja, zima, ngoja ipoe, fungua ubavu na unuse karibu na ile plagi ya pini 16. Harufu ya plastiki iliyochemka haina tafsiri ya pili.

4. Diski. CrystalDiskMark. Ya kizazi cha 4 inasoma karibu MB 7,000 kwa sekunde, ya kizazi cha 5 huvuka 10,000. Ikisoma karibu 3,500, imechomekwa kwenye tundu la zamani, ihamishe.

5. Zote kwa pamoja. OCCT ina jaribio la pawasaplai linaloipa prosesa na kadi ya picha kazi kwa wakati mmoja. Hapa ndipo pawasaplai dhaifu huzima mashine kama mtu aliyechomoa waya. Ikiendelea, fanya jaribio ambalo wengi huliogopa: zima swichi ya ukutani. UPS ikibeba mzigo huo wote kwa dakika mbili, umeinunua vizuri. Hakikisha tu hakuna faili muhimu iliyo wazi.

Wakati wa kufanya haya una maana. Matokeo ya saa nne usiku hayakuambii chochote kuhusu saa nane mchana chini ya mabati, chumba kikiwa na nyuzi 32. Mwenye mashine Gulu au Moroto afanye jaribio la pili na la tatu mchana wa jua kali, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku za kazi. Wa Kabale ana nafuu.

Zikipita zote, rudi BIOS, washa XMP au EXPO, na urudie namba moja na namba mbili. Kasi hiyo ya juu ya RAM ni ya kuongezea, na ikishindwa hapo huku ilipita katika hali ya kawaida, shusha kasi ngazi moja kabla hujamlaumu muuzaji. Ukiwa na vipande vinne vya DDR5, tegemea kasi ndogo kuliko ya viwili. Ndivyo ilivyo kwa bodi karibu zote.

Mwisho wa wiki fungua kumbukumbu za matukio za Windows na utafute jina WHEA-Logger. Hapo ndipo makosa ya vipuri yanapoandikwa hata kama mashine haikuzima. Pakiwa patupu, sasa ipe kazi yako halisi: video nzima ya harusi ya saa tatu, mradi mzima wa jengo, nyimbo zenye treki zote. Mimi naamini kazi ya kweli kuliko alama za majaribio, lakini bila majaribio huwezi kujua ni kipuri gani kimeikwamisha.

Ikishindwa

Zima XMP, rudia. Kama bado, bakiza kipande kimoja cha RAM, kisha ubadilishe na kingine. Kama ni kadi ya picha, ichomoe na kuichomeka upya, waya wake pia. Jaribu kwenye soketi ya nyumba nyingine yenye ethi nzuri, maana muuzaji mwerevu atauliza kuhusu umeme wako kabla ya kitu chochote, na ana haki ya kuuliza.

Kosa likibaki, usibomoe mashine kuitafutia dawa, wala usifungue kadi ya picha kubadilisha pesti ya kupitisha joto. Stika ya skrubu ikichanika dhamana nayo imekwenda. Beba kipuri katika boksi lake na sponji zake, risiti ya EFRIS, picha za namba za utambulisho, picha ya vipimo vya soketi, na video fupi ya simu inayoonyesha kosa likitokea tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Nenda asubuhi, kabla duka halijajaa, na umwombe fundi wao aendeshe jaribio lilelile mbele yako.